Safu ya Lugha: Tetesi, uvumi na taarifa

Msimu wa langalanga unapomalizika Desemba, magari hulala na maneno huamka: nani anahama, nani anaachwa. Hapo ndipo waandishi wa michezo huchanganya maneno matatu yanayostahili kutenganishwa.

Tetesi hutokana na kuteta: ni maneno ya chini kwa chini kati ya wachache. Uvumi hutokana na kuvuma: ni yaliyokwisha kuenea kwa wengi. Taarifa ina mwenyewe, anayeweza kuulizwa.

Februari 1, 2024, mchana kutwa ulivuma uvumi kwamba Lewis Hamilton, bingwa wa dunia mara 7, anaiacha timu yake, Mercedes. Jioni Mercedes na Ferrari zikathibitisha: angehamia Ferrari mwaka 2025. Aliyeandika "taarifa" kabla ya jioni hiyo aliutangulia ukweli, ingawa ukweli ulimfuata.

Tofauti hii ina uzito, kwa sababu kiti cha Ferrari kilichotajwa kilikuwa cha mtu, dereva Carlos Sainz. Uvumi unaogusa riziki ya dereva usipewe jina la taarifa kabla timu yenyewe haijasema.