Bastola, Mpaka na Mahakama ya Makindye

Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 yamtaka raia awe na cheti ndipo amiliki bunduki. Sheria ya jeshi ya mwaka 2005 ikaongeza jambo zito: raia akutwaye na silaha za kijeshi bila idhini aweza kuhukumiwa na maafisa wenye magwanda (ndizo sare za askari, wanafunzi wangu). Novemba 2024 Dkt. Kizza Besigye alikamatwa Nairobi, akavushwa mpaka hadi Makindye, akashtakiwa kwa bastola alizodaiwa kuwa nazo nje ya Uganda! Akaikataa mahakama hiyo. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa raia hawapaswi kushtakiwa huko. Juni, sheria mpya ikalifungua tena lango hilo.