Nani Alifika Kwanza

Uani kwangu hapa Themi, chini ya paa la bati linaloanzia jikoni, pana njia ya mbao ya urefu wa karibu mita kumi. Mwanzo wake uko juu, kimo cha kifua cha mtu mzima. Kisha inateremka, inajikunja taratibu, na kumalizika ikiwa imelala sawa na ardhi. Wageni wengi hudhani ni mfereji wa maji ya mvua. Jirani mmoja kijana alinisalimu shikamoo, akautazama kwa muda, kisha akaniuliza kama nakusudia kuyapeleka maji mpaka Mto Themi. Nikamwambia ni njia ya kushindanishia magari ya watoto. Alicheka kwa adabu, akaenda zake, na nadhani huko nyumbani aliwaambia wenzake kwamba mwalimu sasa amezeeka kweli.

Nimezeeka, sikatai. Lakini njia ile sikuijenga kwa sababu ya uzee. Niliijenga kwa sababu ya kesi niliyoihukumu vibaya mwaka 1978.

Kwanza msomaji aujue mchezo wenyewe, maana una historia na hata tarehe yake ya kuzaliwa inajulikana. Tarehe 15 Mei 1953, katika mji wa Manhattan Beach, jimbo la California huko Marekani, kiongozi wa skauti wadogo aitwaye Don Murphy aliendesha mashindano ya kwanza ya magari madogo ya mbao ya paina. Mwanawe alikuwa na miaka kumi. Wakati huo Wamarekani walikuwa na mashindano makubwa ya kuteremsha kilimani magari yasiyo na injini, mtoto mwenyewe akiwa ndani, lakini mtoto wa miaka kumi hakuruhusiwa. Ilimpasa angoje akue kidogo. Ndipo Murphy akawaza: kama mtoto hawezi kupanda gari, basi na achonge gari la kushika mkononi. Kila mtoto akapewa kipande cha paina na magurudumu, akaenda kuchonga nyumbani pamoja na baba yake. Mwezi Oktoba 1954 jarida la skauti la Boys' Life liliueneza mchezo huo nchi nzima. Sheria iliyozoeleka baadaye ni kwamba gari lisizidi wakia 5, yaani gramu 142 hivi.

Njia ya Murphy ilikuwa ya futi 31, sawasawa na mita tisa na nusu. Mwishoni mwake aliweka chombo cha betri kilichoundwa kwa kengele za mlangoni. Jambo hilo la kengele nililisoma chuoni, katika gazeti kuukuu la Kimarekani lililokuwa limetupwa chini ya kabati la maktaba. Nikasoma habari za magari, nikapendezwa nazo. Habari za kengele nikaziruka. Niliona ni mbwembwe za watu wenye betri nyingi.

Sasa nije kwenye mwaka 1978. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia, na madarasa yalikuwa yamefurika hata watoto wengine wakikaa sakafuni. Vifaa vya michezo havikuwapo. Lakini watoto wa kwetu hawajapata kukosa magari. Walitengeneza magari ya waya, ya makopo ya mafuta ya kupikia, ya maboksi. Matairi waliyakata kwenye ndala zilizochakaa, na taa zilikuwa visoda. Nikakumbuka lile gazeti la chuoni. Nikawaambia wachonge magari ya mbao yasiyozidi shibiri moja, na siku ya Ijumaa tukaegemeza mbao mbili ndefu kwenye ngazi za ofisi, tukapigilia fito pembeni ili magari yasianguke, tukachora mstari wa chaki mwishoni.

Mwamuzi nilikuwa mimi. Nilisimama hatua mbili mbele ya mstari, upande mmoja wa mbao, ili niwahi kuyadaka magari yasije yakapasuka kwenye mawe. Kufika mbio za mwisho, mstari wa chaki ulikuwa umekwisha kufutwa na magurudumu. Magari mawili yakaja karibu pamoja. Mimi niliona dhahiri kwamba la ubao wa mbali lilitangulia, nikamwinua mkono mwenyewe, na shule nzima ikapiga makofi.

Mtoto wa ubao wa karibu, mvulana wa darasa la tano, alikuwa amechuchumaa palepale kwenye mstari. Akasimama, akasema, "Mwalimu, la kwangu lilifika kwanza." Nikamwambia akae. Akarudia, bila kupandisha sauti: "Mwalimu, niliona. La kwangu." Siku hizo mtoto kumwambia mwalimu maneno hayo mbele ya shule lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja kioo. Nilimchapa viboko viwili kwa ubishi. Hakulia. Aliliokota gari lake, akaliweka ndani ya shati, na muhula wote uliobaki hakulileta tena shuleni.

Niliisahau habari hiyo kwa miaka mingi. Ningekuwa mwongo kama ningedai kwamba ilinikosesha usingizi.

Na si kwamba sikufundishwa hatari ya kuamua kwa jicho. Katika somo la michezo chuoni tulielezwa kwamba mshika saa katika mbio za mita 100 asibonyeze kwa kusikia mlio wa bastola; abonyeze kwa kuona moshi wake. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo mtu aliye mwishoni mwa mita 100 huipata imechelewa karibu theluthi moja ya sekunde. Shule zetu hazikuwa na bastola. Tuligonganisha vibao viwili na kuinua kitambaa, na saa ya kubonyeza ilikuwa moja kwa shule tatu, nayo hushinda imefungiwa kabatini isije ikaibiwa.

Nchi yetu ilipata fahari yake kubwa ya saa tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikimbia mita 1500 akiwa mbele tangu mwanzo, akaivunja rekodi ya dunia. (Kwa bahati tu, naye alizaliwa mwaka 1953, mwaka uleule wa magari ya Murphy.) Mtambo wa umeme ulionyesha dakika 3 na sekunde 32.16. Lakini kanuni za siku zile ziliandika rekodi ya mbio hizo kwa sehemu za kumi tu, na daima kuelekea juu. Kwa hiyo vitabuni ikaandikwa 3:32.2. Mwezi Agosti 1979 Sebastian Coe wa Uingereza alikimbia huko Zürich kwa 3:32.03, nayo ikaandikwa 3:32.1. Kuanzia mwaka 1981 ndipo sehemu za mia zilipokubaliwa kwa mbio za urefu huo. John Walker, aliyemfuata Bayi pale Christchurch, alikuwa nyuma kwa sekunde 0.36, ambazo kwa mwendo ule ni mita mbili na nusu. Pengo kama hilo jicho linaliona. Magari ya mbao hayatupi pengo la mita mbili na nusu.

Hesabu yake ni rahisi, nami niliifanya kwa penseli. Gari likiteremka kimo cha mita 1.2 hufika chini kwa mwendo wa mita nne na nusu hivi kwa sekunde. Gari la urefu wa sentimita 18 linaupita mstari kwa sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Kidole cha binadamu huchelewa karibu sehemu moja ya tano ya sekunde baada ya jicho kuona. Katika muda huo gari limekwenda sentimita tisini. Kumbe saa ya kubonyeza, hata kama ningekuwa nayo siku ile, isingenisaidia. Galileo, alipotaka kujua jinsi kitu kinavyoongeza mwendo katika mteremko, hakuliamini jicho wala kidole kwa mkupuo mmoja. Katika kitabu chake cha mwaka 1638 anaeleza jinsi alivyoviringisha mpira wa shaba katika mfereji wa mbao uliolainishwa kwa ngozi, huku maji yakitiririka kwenye chombo. Kisha akayapima maji hayo kwa mizani, akarudia na kurudia.

Baada ya kustaafu, wajukuu waliniomba mchezo wa likizo. Nikanunua mbao za paina, zile za mashamba ya miti ya huku Meru, na plaiwudi. Njia nikaijenga kwa vipande vinne vya futi nane nane, yenye reli mbili nyembamba katikati ya magurudumu ili kila gari lifuate mstari wake. Kazi ngumu ni maungio: mahali kipande kinapokutana na kingine, tofauti ya unene wa karatasi inatosha kulirusha gari. Nilitumia msasa siku mbili na pima maji siku nzima.

Mwishoni, safari hii, sikuziruka kengele. Fundi redio wa mtaani alinitengenezea chombo cha rilei mbili. Gari likifika linabonyeza ukanda mwembamba wa shaba. Rilei yake inajishika yenyewe, inawasha taa, na papo hapo inakata umeme wa mwenziwe. Taa zote mbili haziwezi kuwaka. Baadaye mjukuu wangu aliyesomea ufundi wa umeme akaongeza macho ya infraredi na swichi kwenye lango la kuanzia, na sasa tunasoma hata sehemu za elfu za sekunde. Lakini mimi bado naipenda taa.

Siku tulipoijaribu nilisimama kwa mazoea yangu ya kale, hatua mbili mbele ya mstari, upande mmoja. Magari yakaja. Nikasema, "La mbali." Taa ya gari la karibu ikawaka. Tukarudia, nami nikakosea tena vilevile. Nikachukua uzi, nikaufunga mahali penye jicho langu, nikaupitisha kwenye pua ya gari la karibu lililokuwa juu ya mstari, nikaunyoosha mpaka njia ya pili. Uliangukia sentimita kumi na tisa nyuma ya mstari. Maana yake gari la mbali laweza kuwa limeachwa urefu wa gari zima, na kwa mtu aliyesimama pale likaonekana liko sawasawa na mwenzake. Anayeona vyema ni aliyechuchumaa palepale kwenye mstari.

Nilikaa kwenye kigoda muda mrefu na ule uzi mkononi. Watoto wakadhani nimechoka.

Nimeuliza habari za yule mvulana kwa walimu wachache waliobaki wa wakati ule. Mmoja alisikia kwamba alikwenda Mirerani kwenye machimbo. Mwingine anasema yuko Babati na ana wajukuu. Nimepeleka salamu kwa njia zote mbili.

Jumamosi iliyopita, baada ya mvua, binti mmoja wa jirani alishindwa mara mbili mfululizo, akanijia akisema njia ya kushoto ina hila. Nikamwambia tubadilishane njia tuone. Gari lake likashinda kulia, na mwenziwe akashindwa kushoto. Tukainama wote kwa pima maji. Mguu wa tatu wa upande wa kushoto ulikuwa umezama matopeni, kiungo kimefunguka kidogo. Akatafuta kipande cha kigae, tukakipachika chini ya mguu, tukaanza mashindano upya tangu mbio za kwanza.