Rétes, Chakula cha Wahungaria

Msomaji, habari za kale hazikuandikwa vitabuni peke yake. Nyingine zimehifadhiwa jikoni, na mtu asiyejua kuziuliza hula akashiba bila ya kuzipata. Hivyo ndivyo ilivyo kwa rétes, chakula kitamu cha Wahungaria cha unga wa ngano na matunda. Jina hilo hutamkwa “retesh”, na maana yake ni kitu chenye tabaka. Waaustria hukiita strudel.

Tazama kwanza jinsi kinavyopikwa nyumbani. Mpishi hukanda unga kwa maji ya uvuguvugu, chumvi, mafuta kidogo na matone ya siki mpaka donge liwe laini. Hulifunika lipumzike kwa muda wa nusu saa. Kisha hutandika kitambaa safi mezani, akakinyunyizia unga, akaliweka donge katikati. Halisukumi kama chapati tu, bali huingiza mikono chini yake, akalivuta kwa migongo ya mikono huku akiizunguka meza polepole, hata lienee meza nzima, jembamba kuliko manda ya sambusa. Hulipaka siagi iliyoyeyushwa, akatawanya chenga za mkate zinywe maji ya matunda, kisha matofaa yaliyokatwa au cheri chachu, sukari na mdalasini. Mwisho huinua upande mmoja wa kitambaa, na donge hujikunja kama mkeka. Huokwa mpaka rangi yake iwe ya dhahabu.

Ufundi huu ulitoka wapi? Mwaka 1526 Sultani Suleiman wa Waturuki aliwashinda Wahungaria katika vita vya Mohács. Mfalme wao, Lajos wa Pili, kijana wa miaka 20, alikufa akikimbia. Mwaka 1541 Waturuki waliushika mji wa Buda, wakautawala hata mwaka 1686. Wapishi wao walijua kupanga tabaka nyembamba za unga, kama zile za baklava, na wataalamu wengi huona kwamba huko ndiko rétes ilikochipuka. Maelezo ya kale sana ya kupika strudel yamo katika kitabu kilichoandikwa kwa mkono mwaka 1696, kilichohifadhiwa Vienna, mji wa wafalme wa Austria waliowafukuza Waturuki Buda.

Walakini usidhani kwamba Wahungaria waliiga tu. Nyanda zao huzaa ngano yenye unata mwingi, na pasipo unata huo donge hukatika likivutwa. Tena, mwaka 1874 András Mechwart, mhandisi wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest, alitengeneza kinu cha magurudumu ya chuma, kilichosaga unga mweupe na laini kuliko mawe. Kabla karne ile haijaisha, Budapest ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia kwa usagaji wa ngano.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Wahungaria hawakusahau msiba wa Mohács, na hadi leo wanauhuzunikia. Lakini adui alipoondoka, ufundi wake hawakuutupa. Waliutia ngano yao na matunda ya bustani zao, ukawa wao. Basi nawe, msomaji, ukitaka kujua kipi ni mali ya taifa, usiulize tu kilitoka wapi. Uliza pia watu wale wamekitendea nini.