Karanga, katapila na bandari yetu

Ukisimama karibu na gati la Mtwara ukaona meli zikipakia korosho na makaa ya mawe, ni rahisi kudhani bandari hii ilijengwa kwa ajili ya korosho. La hasha. Bandari yetu ni mtoto wa karanga. Tena ni mtoto aliyezaliwa baada ya baba kufariki.

Turudi mwaka 1946. Vita imekwisha, Uingereza imeshinda, lakini wananchi wake bado wanapewa mafuta ya kula kwa mgawo. Bwana mmoja anaitwa Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, akaja na wazo: pori la Tanganyika lifyekwe, ilimwe karanga. Serikali ikamtuma John Wakefield na wenzake kuja kuangalia. Walizunguka wiki chache tu, wakarudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya pauni kama milioni 25. Maeneo yaliyochaguliwa kwetu ni Kongwa, Urambo na huku Kusini, Nachingwea.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na hapo ndipo katapila zilipoanza kuumbuka. Matrekta mapya yalikuwa adimu, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyotumika, mengine mabaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Kampuni ya Vickers-Armstrongs nayo ikachukua sehemu za vifaru vya Sherman ikaunda matrekta yaliyoitwa Shervick. Panga liwe jembe, kama yasemavyo Maandiko. Wazo tamu kweli!

Lakini muulize fundi yeyote wa gereji. Kifaru kimeundwa kukimbia na kupigana, si kuvuta mzigo mzito polepole kutwa nzima. Ukikibadilishia kazi, umebadilisha pia mahali kitakapoumia. Na cheni ya katapila ina pini, bushi na roola zinazosuguana muda wote. Udongo wa Kongwa ulikuwa na chembe kali zinazokula chuma kama msasa, na kiangazi ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Mizizi ya vichaka ikaharibu mabapa ya tingatinga. Kufikia mwishoni mwa kiangazi cha Ulaya mwaka huo wa 1947, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Spea hakuna, karakana ya maana hakuna, na madereva wengi ndiyo kwanza wanajifunza.

Hapa nawaletea mfano wa mbali kidogo. Kule kwenye nchi za baridi kali kuna pikipiki za theluji, zinazotembea kwa cheni ya mpira inayozunguka uvunguni. Barafu ikiwa inateleza, watu hupigilia misumari ya chuma kwenye cheni hiyo ili ing'ate. Sasa, fundi mjanja haishii kwenye misumari. Anafunga pia mabamba ya kukinga uvungu, maana huko juu ndiko ilikopitishwa rejeta ya kupoozea injini, na msumari unaozunguka kwa kasi ukiigusa, unaichana. Meno uliyoiongezea mashine ili ishike barafu yanaweza kuitafuna mashine yenyewe. Nguvu na kinga vinafungwa siku moja.

Wakubwa wa karanga walifunga meno tu. Ekari, pauni, tani, vyote vilikuwa kwenye makaratasi. Kinga ya mradi (kupima mvua kwa miaka kadhaa, kujaribu shamba dogo kwanza, kujenga karakana kabla ya kuleta mashine, kuwauliza wenyeji kwa nini hapo hawalimi) ilisubiri. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango mkubwa, hasara kama pauni milioni 36.

Na Kusini? Reli ya kwenda Nachingwea ilikuwa imeanza kufanya kazi mwaka 1949. Bandari ya Mtwara, yenye gati la mita 385 na kina kirefu cha asili, ikakamilika mwaka 1954, miaka 3 baada ya karanga kuzikwa. Mzigo uliokusudiwa haukuja. Reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Watu wa Kusini tukabaki na gati zuri na barabara ya tope ya kwenda Dar es Salaam.

Kwa nini nayakumbuka haya? Kwa sababu mashine kubwa hazijaacha kuja kwetu. Mwaka 2013 Mtwara ilitikisika kwa fujo za gesi, watu wakafa, nyumba zikachomwa. Bomba lenyewe lilikamilika mwaka 2015. Reli ya kwenda Mbamba Bay nayo inazungumzwa kila mara. Binafsi naitaka reli hiyo, tena jana! Ila siku nitakapopewa nafasi ya kumuuliza mkubwa swali moja, sitauliza mradi ni wa mabilioni mangapi. Nitauliza: mheshimiwa, kinga mmeifunga wapi, na ni nani atakayeumia kama haipo?

Bandari yetu ilingoja mzigo miaka mingi. Tusiwaachie wadogo zetu kungoja kwa namna hiyo.

Alamsiki.