Mkuki, Ngao na Picha: Silaha za Vita katika Nchi za Vidunda na Uhehe

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Kidatu huiona milima ya Vidunda upande wake wa kuume. Nyuma yake hupita mto Ruaha Mkuu, na ng'ambo yake ni Udzungwa na nchi ya Uhehe. Katika karne ya 19 vikosi vya Wahehe vilivamia pande hizi, na mwaka 1892 waliangamiza kikosi cha Wajerumani kilichokuwa Kilosa. Je, wapiganaji hao walichukua silaha gani? Wengi wetu hujibu kwa kuikumbuka picha: mtu amesimama, mkuki mkononi, ngao ndefu ya ngozi ya ng'ombe mbele yake.

Picha ni shahidi, lakini shahidi hana budi kuhojiwa. Wanaochunguza silaha za mashujaa wa Hungaria ya kale wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mfalme Ladislaus alitawala mwaka 1077 hadi 1095. Naye amechorwa katika kuta za makanisa mengi akipigana na Mkumani. Mchoro wa kanisa la Dârjiu, ambalo leo liko Romania, ni wa mwaka 1419. Mchoraji hakuwa na namna ya kuiona dirii ya karne ya 11, akamvika mfalme silaha za zama zake mwenyewe. Kwa hiyo mchoro huo ni ushahidi mzuri sana, ila si wa Ladislaus.

Kwetu kosa limekwenda kinyume. Kamera haikumwongezea Mhehe silaha za zama za baadaye. Ilimpunguzia alizokuwa nazo. Mkuki na ngao vilikuwa silaha za kweli, wala hatuvidharau. Huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walijificha vichakani kandokando ya njia, wakaurukia msafara wa Emil von Zelewski uliokuwa umenyooka katika mstari mrefu. Kwa umbali mfupi namna ile mkuki ulitosha. Zelewski aliuawa pamoja na askari wake wengi. Lakini bunduki zao zilibaki mikononi mwa Wahehe, ambao hata kabla ya hapo walikuwa na nyingine zilizotoka pwani kwa biashara. Baadaye serikali ya Kijerumani ilidai bunduki zisalimishwe. Basi aliyepigwa picha baada ya hapo alisimama na kile alichoachiwa. Nasi twaitazama picha hiyo na kusema kwamba mababu walikabili risasi kwa mikuki mitupu. Kwa maoni yetu, usemi huo huwanyima akili ya vita waliyokuwa nayo.

Mtwa Mkwawa mwenyewe, ambaye vitabu vya shule vimezoea kumchora na mkuki, aliwindwa hadi tarehe 19 Julai 1898. Siku hiyo, adui walipomkaribia, alijiua kwa bunduki.