Kano za Vidole na Hofu ya Matabibu

Jalinus, tabibu wa Kiyunani ambaye vitabu vyake viliitawala elimu ya tiba kwa zaidi ya miaka 1,000, alihofu kuushona ukano uliokatika, kwa kuwa lugha yake ilikuwa na neno moja la ukano na la mshipa wa fahamu, na kuuchoma mshipa kwa sindano aliona ni kumletea mgonjwa mtukutiko. Tusimcheke, hata kwetu mtu akikatwa na kisu kidoleni husema mshipa umekatika, wala habagui ni upi. Ibn Sina, tabibu wa Kiajemi, anatajwa miongoni mwa wa mwanzo walioagiza ukano ushonwe.

Lakini kushona hakukuwa mwisho wa taabu. Ukano hupita ndani ya ala yake kama jambia, na jeraha linapopona, kovu lile lile liungalo ukano huugandisha na ala, hata kidole kikabaki kikavu kama kijiti. Sterling Bunnell, mpasuaji wa San Francisco aliyeijua shida hiyo kuliko wengi, aliiita sehemu ya kutoka kiganjani hadi katikati ya kidole ardhi isiyo ya mtu, akausia kwamba humo ukano usishonwe papo hapo, bali ngozi ifungwe, na baadaye upandikizwe mwingine. Mwaka 1941 watafiti Mason na Allen, kwa kuchunguza mbwa, wakaonyesha kwamba mshono hudhoofika siku za kwanza kabla ya kupata nguvu. Basi ikawa ada mkono ufungwe wiki 3 bila kutikisika. Raha ile, iliyodhaniwa kuwa rehema, ndiyo iliyolipa kovu nafasi ya kushika.

Harold Kleinert, mpasuaji wa Louisville, aliposimulia, mwaka 1967, kwamba yeye hushona mara moja katika ardhi ile ile, wengi hawakusadiki. Mkono aliukunja ndani ya banzi, akatia uzi ukuchani na kuufunga kwa mpira wa kuvutika: mgonjwa hunyosha kidole mwenyewe, mpira hukirudisha, na ukano huteleza pasipo kujikaza. Mwaka 1975 watafiti Duran na Houser wakabainisha kwamba mtelezo wa milimita 3 hadi 5 watosha ukano usigande. Mpira nao ulikuwa na aibu yake, kwani kidole kilichoinamishwa kutwa kilizoea kuinama; na huko Belfast, katika taarifa ya 1989, mgonjwa aliambiwa akikunje kidole chake kwa nguvu zake mwenyewe, taratibu, siku chache tu baada ya kushonwa.