Gary Lineker na BBC (2023)

Gary Lineker, aliyekuwa mshambuliaji wa timu ya taifa ya Uingereza, aliongoza kipindi cha mpira cha BBC tangu 1999. Machi 2023 aliandika kwenye Twitter kwamba maneno ya serikali juu ya wakimbizi wanaovuka bahari kwa mashua yanafanana na yale ya Ujerumani ya miaka ya 1930. BBC, inayolipiwa na wananchi wa pande zote, ikamsimamisha kwa kuvunja kanuni zake. Wenzake wakagoma. Tarehe 13 mkurugenzi Tim Davie alikiri kwamba kanuni hazikuwa wazi, na Lineker akarudishwa. Nasi makanisa tunaoajiri walimu na wauguzi tujifunze: kanuni iandikwe wazi kwanza, ndipo mtu aulizwe juu ya maneno yake.